Kofia ya Mikono Minne

Kofia ninayoivaa Ijumaa imeshonwa na watu wawili, na mtu akiitazama hawezi kujua. Kiduara cha juu ni kazi ya mama yangu. Ubavu, ule ukanda mrefu unaozunguka kichwa, ni kazi ya khaloo, mdogo wake mama. Vitobo vya juu na vya ubavuni vinalingana kana kwamba vimetoka mkono mmoja. Nimeivaa miaka mingi bila kuiwazia lolote, na huenda ningeendelea hivyo hivyo lau binti yangu asingekuja kutafuta mayai ya samaki.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nakaa Gombani, na mama na khaloo wanakaa Makoongwe, kisiwa kidogo mbele ya Mkoani, katika nyumba moja, wajane wote wawili. Binti yangu anasoma shahada ya pili chuo kikuu, bara. Anachunguza viinitete vya samaki, yaani samaki kabla hajatoka ndani ya yai, wakati bado ni kama uzi mwembamba uliolala juu ya kiini. Watu wakimuuliza anasomea nini, hujibu "samaki," nao humtakia heri wakidhani atafanya kazi ya uvuvi.

Alihitaji mayai ya samaki mmoja mdogo, mwenye rangi ya mchanga, urefu wake haufiki kidole. Samaki huyu hutaga ndani ya kombe tupu, lile gamba la chaza, lililolala kifudifudi chini ya mawe, pale chini kabisa ambapo maji huondoka wakati wa bamvua tu, zile siku chache za mwezi yanapokupwa mno. Mayai yawe yametagwa karibuni. Ayalee mpaka siku mapezi yanapoanza kuchipua, hapo hapo ayahifadhi katika dawa, ayapeleke maabara. Akichelewa, mapezi yameshakua na anachokitafuta kimepita. Alikwisha kujaribu pwani nyingine huko bara akarudi na mayai makubwa mno, na msimamizi wake alimwambia kwa upole, lakini alimwambia, kwamba bamvua hii ndiyo ya mwisho. Akirudi mikono mitupu, aiache mada hiyo apewe nyingine.

Haya alinieleza katika mashua ya kutoka Mkoani, ndoo iko katikati ya miguu yake.

"Nikikosa safari hii, baba, basi tena," alisema. Kisha akanionyesha ndege baharini, ili tusiliongelee zaidi.

Tulifika alasiri. Mama alikuwa barazani na kiduara chake mapajani, sindano inakwenda, na khaloo upande wa pili na ukanda wake. Binti yangu aliwaamkia, akawabusu mikono, akakalishwa, akalishwa. Baada ya chai ndipo mama alipouliza hayo mayai ya samaki yanapikwaje. Binti yangu akasema hayaliwi. Mama alifikiri kidogo, akasema kuwa kutoka chuo kikuu mpaka Makoongwe ni mbali sana kwa kitu kisicholiwa.

Basi nikaona ni kazi yangu kueleza. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na nina mfano ninaoutumia darasani, wa tairi la akiba. Nikaanza nalo. Nilisema hivi.

Kila kiumbe mwenye uti wa mgongo hujengwa kwa maelekezo, na maelekezo hayo tunayaita jeni. Jeni moja yaweza kuwa na kazi zaidi ya moja. Ipo moja, kwa mfano, ambayo kwa kuku, kwa panya na kwetu sisi watu huwaka mahali pawili wakati mtoto anajengwa: sehemu ya nyuma ya ubongo, na pale mkono au bawa linapochipua. Ni kama taa yenye swichi mbili, moja ya chumbani, moja ya ukumbini. Sasa zamani mno, babu wa mbali wa karibu samaki wote tunaowala alipata nakala ya pili ya jeni zake. Si ya jeni moja wala kumi, bali ya zote kwa pamoja, kama mtu aliyenakili kitabu kizima mara mbili badala ya mara moja. Tangu hapo samaki wakawa na tairi la akiba kwa kila tairi.

Khaloo hakuinua kichwa. "Na tairi la akiba usipolitumia?" aliuliza.

Nikasema huoza, na kweli, nakala nyingi ziliharibika zikapotea, kwa kuwa nzima iliyobaki ilitosha. Chache ziligeuka zikajifunza kazi mpya. Lakini ziko nyingine hazikupotea wala hazikupata kazi mpya. Zimebaki mbili mbili mpaka leo, na binti yangu anataka kujua kwa nini.

"Basi mfano wako mbaya, mwalimu," khaloo akasema. "Hilo tairi halikuoza."

Alisema kweli. Huo mfano unaeleza kinachopotea; hauelezi kinachobaki. Wanafunzi wangu hawakupata kuniambia hivyo, labda kwa adabu. Binti yangu alikuwa akicheka ndani ya kikombe cha chai.

Kesho yake maji yalipotoka, yeye na khaloo walishuka pwani. Mama alibaki. Magoti yake yalimtoa pwani miaka mingi nyuma, na tangu hapo bahari anaiona kwa mbali, juu ya paa la jirani. Mimi nilikwenda kutafuta meza ya kuwekea hadubini, ile ya zamani ya shuleni yenye kioo chini, isiyohitaji umeme; ukiielekeza kwenye mlango ulio wazi, jua linafanya kazi yote. Waliporudi, binti yangu alikuwa amelowa mpaka kiunoni na uso wake umekunjuka kwa furaha. Makombe yalijaa nusu ndoo, ndani ya maji ya bahari yenye mchanga. Alinionyesha moja haraka haraka: ndani yake, upande wa mgongo, palikuwa na kiraka kama ukungu, mayai mamia yamebanana kama punje za mchele zilizosimamishwa wima, na yote maangavu. Yalikuwa yametagwa karibuni, pengine jana yake. Aliiweka ndoo kivulini karibu na mtungi, akaingia ndani kuoga na kusali adhuhuri. Khaloo naye akaingia.

Hapa inabidi msomaji aijue nyumba ya mama yangu. Kwake kitu anachochukua msafiri hakitoki nyumbani kikiwa na mchanga. Muhogo utaoshwa na kufutwa, nazi itachunwa nyuzi, hata ndimu zitapanguswa moja moja. Ukipewa kitu kichafu kutoka nyumba hiyo, ujue hukupewa, umeiba. Naye hakuna aliyemweleza kuwa mayai yamo ndani ya makombe. Alikuwa akingoja kuona mayai kama yale yaliyomo tumboni mwa samaki, manjano, yamefungwa mfukoni. Alichokiona katika ndoo ni makombe mazuri, machafu, yenye utelezi ulioganda kwa ndani.

Binti yangu alipotoka, bibi yake alikuwa amemaliza. Makombe yalipangwa katika sinia juu ya kitambaa cheupe, yamesuguliwa kwa kumbi la nazi ndani na nje, yanang'aa kama sahani za Idi.

"Nimekusafishia, mwanangu," mama alisema. "Yalikuwa hayafai kutiwa katika mkoba wa ntu."

Binti yangu aliokota kombe moja. Aliligeuza, akapitisha kidole pale palipokuwa na kiraka. Kisha akasema, "Ahsante, bibi," kwa sauti yake ile ile ya siku zote, akalirudisha siniani, akazunguka nyuma ya nyumba. Nimewahi kuwaona watu wazima wakikasirikia mambo madogo kuliko hilo. Yeye alikuwa na umri mdogo na mengi ya kupoteza, na alimshukuru bibi yake. Sikujua nimfuate au nimwache. Nilimwacha.

Khaloo ndiye aliyetoka, akatazama sinia, akatazama ndoo tupu, akaketi chini taratibu.

"Dada," alisema, "umewasugua watoto wa watu."

Ilichukua muda mama kuelewa. Alipoelewa, aliuliza tu kama pwani bado yako mengine. Khaloo akajibu kuwa labda, kesho, lakini baada ya kesho maji hayatatoka mpaka kule chini. Mama akachukua kiduara chake, akashona vitobo viwili vitatu, akakiweka.

Asubuhi ya pili nilimkuta amesimama mlangoni. Amejifunga kanga kiunoni, kashika fimbo kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine. Binti yangu alimsihi abaki. Khaloo hakumsihi, alimwambia tu kuwa akianguka atamwacha hapo hapo awe chakula cha kaa. Mama akasema kaa wa Makoongwe wanachagua nyama, hawatamtaka, ila huenda wakamtaka mdogo wake aliyenona. Wakashuka hivyo, wanatupiana maneno, mimi nyuma nimebeba viatu.

Sikuwahi kumwona mama yangu pwani tangu nilipokuwa mtoto. Alikwenda kama anayeingia nyumba aliyohama zamani: taratibu, lakini anajua milango iko wapi. Khaloo aligeuza mawe, maana mgongo wake bado una nguvu, na mama alisimama na fimbo akimwonyesha lipi ageuze. Kila jiwe lililogeuzwa lilirudishwa lilivyokuwa, tumbo lake chini, kama walivyofundishwa na mama yao. Jiwe ukiliacha chali, vilivyokaa chini yake vyote vinakauka. Tulitafuta mpaka maji yakaanza kurudi. Tulipata makombe mawili yenye mayai ambayo macho yalikuwa yameshatokea, vitone vyeusi viwili viwili. Yalikuwa yamechelewa. Aliyarudisha.

Kombe la tatu lilipatikana mahali ambapo khaloo alikuwa ameshapita. Mama alipachokoa kwa fimbo kwa ukaidi tu, nadhani, na chini ya jiwe hilo palikuwa na kombe moja kubwa, na ndani ya kombe samaki mmoja ambaye hakukimbia. Alibaki pale pale anapepea kwa mapezi yake mpaka kivuli cha mkono kilipomfunika. Nyuma yake kiraka kizima kilikuwa kiangavu kama maji.

Binti yangu aliinama, akakitazama, akasema, "Haya ndiyo." Alilitia kombe ndani ya ndoo polepole, na mama alishika ndoo chini kwa mikono miwili, mkanda wa kanga umelowa, kana kwamba amebeba maji ya zamzam.

Yule samaki aliyebaki jiweni ni baba yao. Kwa samaki hawa mama akishataga huenda zake, na baba ndiye anayelinda na kuyapepea mayai kwa mapezi yake usiku na mchana ili maji yasikae kimya. Yakikaa kimya, mayai hukosa hewa na kuoza. Niliwaeleza haya njiani. Nilijuta, kwa maana mpaka leo khaloo hajaniacha. Nikikaa kwake na kikombe cha chai huwaambia wageni kuwa baharini baba ndiye mlezi, ila huyu wetu ni wa nchi kavu.

Tulikuwa na pampu ndogo ya betri kufanya kazi ya baba. Ilifanya kazi mpaka alasiri, ikavuta mchanga, ikakata roho. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Hapo ndipo mama alipokwenda jikoni akarudi na kata, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu. Akakaa kwenye kigoda mbele ya beseni, akachota maji ya bahari, akayamwaga taratibu kutoka juu, akachota, akamwaga. Binti yangu alitazama mayai yanavyotikisika kwa mwendo ule, akasema inatosha kabisa. Tukapokezana. Mama akichoka khaloo anashika, khaloo akienda kusali mimi nashika, na binti yangu alibadilisha maji na kupima joto lake. Siku ile na iliyofuata nyumba ilikuwa na mlio mmoja tu, maji yanayomwagika katika maji.

Ni wakati huo, mama anamwaga maji na khaloo ameshika ukanda wa kofia, nilipoliona jibu nililolikosa barazani. Nilivua kofia yangu, nikaigeuza mbele yao, nikawauliza nani kati yao anaweza kuishona nzima.

Walitazamana. Zamani wote wawili waliweza. Mama yao aliwafundisha wote kofia nzima, kiduara na ubavu, kila mmoja akashona zake peke yake akaziuza peke yake. Walipokuja kukaa pamoja wakaanza kugawana. Mama alipenda kiduara, ambako ua linaanzia katikati na kufunguka. Khaloo alipenda ubavu, ambao siri yake ni kupima nakshi ili mwisho wa ukanda ukutane na mwanzo wake bila kuruka hata kitobo kimoja. Miaka ikapita. Mama akasahau kupima ubavu. Hakuona kuwa amesahau, maana khaloo alikuwepo. Khaloo naye akasahau ua la katikati linavyoanzwa, wala halikumuuma, maana mama alikuwepo. Kila mmoja alipoteza nusu, na hakuna kofia hata moja iliyoharibika.

Nikawaambia, hivyo ndivyo wanavyodhani wataalamu kuhusu zile jeni. Ile jeni ya asili ilikuwa na swichi mbili, ya ubongo na ya pezi. Ikawa mbili, na zote zinajua kazi zote. Siku moja, katika nakala ya kwanza, swichi ya pezi ikaharibika. Samaki hakudhurika, kwa sababu nakala ya pili bado inajua pezi. Siku nyingine, vizazi vingi baadaye, katika nakala ya pili ikaharibika swichi ya ubongo. Hakudhurika tena, kwa sababu ile ya kwanza inajua ubongo. Lakini kuanzia hapo hakuna inayoweza kuondoka. Ikipotea ya kwanza, samaki hana ubongo uliokamilika. Ikipotea ya pili, hana pezi. Zimebaki mbili kwa sababu kila moja imepungukiwa.

Mama alisita, kata iko hewani, inadondosha matone. "Na huyu ntoto anataka kujua nini sasa?"

Binti yangu akajibu mwenyewe. Alisema yuko samaki mdogo wa milia anayefugwa maabara, na kwake yeye inajulikana vizuri nakala ipi imechukua ubongo na ipi imechukua pezi. Lakini samaki ni wengi, na kila ukoo umepita njia yake. Anataka kujua hawa wa Makoongwe waligawana vipi. Pengine kama wale wa milia, pengine kinyume chake, pengine bado zote mbili zinajua kila kitu kama bibi zake zamani.

Mama alimwaga maji. Aliuliza kama huko ni kubadilisha alichoumba Mungu, na mjukuu wake akasema hapana, bibi, ni kutazama tu. Akasema basi, kutazama ni jambo zuri, tumeamrishwa kutazama.

Khaloo aliulaza ukanda mapajani. "Kwa hivyo miye siwezi kufa kabla yako," alimwambia dada yake.

"Huwezi," mama alisema. "Nani atashona ubavu?"

Hawakucheka wala hawakulitazama jambo hilo zaidi. Lakini tangu saa ile mama, ambaye amezoea kumpa khaloo kata bila kumtazama, alikuwa akimpa na kusubiri mpaka aishike vizuri.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, binti yangu aliyekuwa ameinama kwenye hadubini alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akinitafuta. Nikaweka jicho. Ndani ya yai palikuwa na kiumbe kiangavu kama kioo, mkia wake umejipinda, na moyo unapiga, mwekundu hafifu, mdogo kuliko ncha ya sindano ya mama. Nimefundisha viinitete maisha yangu yote kwa michoro ubaoni. Nilikuwa najua kuwa moyo hupiga hapo. Kuuona ni jambo jingine. Na ubavuni, nyuma ya kichwa, pande zote mbili, palikuwa na vinundu viwili vya duara, kama vidole vinavyosukuma shuka kutoka ndani. Mapezi yalikuwa yanachipua.

Mama alitazama baadaye, muda mrefu, ameshika meza. Akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo. Kisha akauliza kama hawa ndio aliowasugua, na binti yangu akasema ni ndugu zao tu.

Kilichofuata sikukifikiria, ingawa ni mimi niliyepaswa kukifikiria. Binti yangu alileta barafu na vichupa vya dawa. Mama alivitazama. Alikuwa amewapepea siku mbili, mkono wake umevimba kifundo.

"Sasa unawaua," alisema. Hakuuliza.

Binti yangu angeweza kusema ni mayai tu, ni visamaki tu, yako mamia. Aliweka vichupa chini, akakaa karibu na kigoda cha bibi yake, akaeleza. Rangi inayoonyesha jeni iko wapi haishiki mpaka kila kitu kimesimama. Barafu inawalaza kwanza, hawatahisi. Naye hahitaji wote. Robo yao inatosha, na wengine watarudi walikotoka, jiwe lile lile. Alisema pia, na hapo sauti yake ilipungua kidogo, kuwa bila hao robo kazi yake imekwisha.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia achukue wale wa ukingoni, wa katikati ndio waliokaa vizuri. Binti yangu akawachukua wa ukingoni.

Mayai yaliyobaki tuliyarudisha kesho yake asubuhi. Maji hayakutoka mpaka lile jiwe, kama khaloo alivyosema, na binti yangu aliingia mpaka kifuani akilitafuta kwa miguu. Mama alikuwa ukingoni na ndoo. Alipompa mjukuu wake kombe, limejaa mchanga na linadondosha maji ya bahari, alisema, "Safari hii sikuliosha." Binti yangu alicheka mpaka maji yakamwingia mdomoni. Alizama, akaliweka kifudifudi, akaibuka. Hatujui kama baba yao alikuwa bado anangoja. Mimi napenda kudhani alikuwepo.

Baada ya miezi kadhaa picha mbili ziliingia katika simu yangu. Nilikuwa Makoongwe siku hiyo, kofia mpya iko njiani, nikazionyesha barazani. Ni kiinitete kile kile cha samaki mdogo wa rangi ya mchanga, mara mbili. Katika picha ya kwanza rangi imeshika mstari nyuma ya ubongo, na mapezi ni meupe kabisa. Katika ya pili ubongo hauna kitu, na vile vinundu viwili vya mapezi vimekolea kama wanja. Walikuwa wamegawana. Binti yangu aliandika chini yake kwamba msimamizi wake ameziangalia, akamwambia aendelee. Akaniomba niwafikishie bibi zake salamu, na nimwambie bibi kuwa wa ukingoni walikuwa wazuri sana.

Mama alichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Alitaka kujua ipi ni ipi. Nikamwambia hii ya ubongo, hii ya pezi.

"Miye ndiye wa ubongo," alisema, akampa khaloo simu kana kwamba jambo limekwisha.

Khaloo aliitazama picha yake kwa makini, akaichezea kwa kidole mpaka pezi likajaa kioo kizima.

"Sawa," alisema. "Na miye wa mapezi. Bila miye ungekaa hapo na akili zako ukazama."

Mama alikuwa amefika mwisho wa ua, akakata uzi kwa meno, akamrushia kiduara mapajani.